Kenya, Agosti 2022: Fomu Zilezile, Namba Tofauti Kwenye Kila Runinga

Usiku wa kuamkia Jumatano, Agosti 10, 2022, Mkenya mwenye rimoti mkononi aliweza kujichagulia rais. Kituo kimoja cha runinga kilimweka William Ruto mbele. Ukibonyeza, unakuta kingine kimemtanguliza Raila Odinga. Namba zote hizo zilitoka kwenye fomu zilezile za 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kupigia kura, katika tovuti ileile ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Kisha, kabla hesabu hazijafika mwisho, vituo vikapunguza mwendo, vikanyamaza kimoja baada ya kingine bila maelezo ya kumridhisha mtazamaji. Nchi ikabaki inakodolea macho ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, ambako tume ilikuwa ikijumlisha matokeo ya taifa, hadi Jumatatu, Agosti 15.

Tangu hapo kisa hiki hutolewa kama ushahidi kwamba wanahabari hawana biashara ya kujumlisha kura. Uchambuzi huu unakwenda kinyume na maoni hayo. Kujumlisha kulikuwa sahihi, tena kulikuwa haki ya umma. Kilichowayumbisha watu ni mpangilio ambao fomu zilisomwa, mtazamaji kutoambiwa mpangilio huo ni upi, na hesabu kukatwa katikati. Ni mambo ya kiufundi, lakini uchaguzi ukiwa mkali kiasi hicho, ufundi ndio unaogeuka kuwa siasa.

Fomu ilivyofika mikononi mwa kila mtu

Mwaka 2007 vyombo vya habari vilikuwa vikipokea namba kutoka kwa waandishi wao mikoani na kutoka kwa tume, bila mwananchi kuona karatasi yoyote. Desemba 30, Mwai Kibaki alipotangazwa mshindi, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika machafuko ya wiki zilizofuata. Baadaye mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa pamoja na Ruto katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, kesi iliyokatizwa Aprili 2016. Mhariri wa Kenya anapoketi katika chumba cha habari usiku wa uchaguzi, kesi hiyo iko mezani pake hata kama hakuna anayeitaja. Bila kuelewa hofu hiyo huwezi kuelewa ukimya wa 2022.

Mwaka 2013 ikaja aibu ya aina nyingine. Skrini zilionyesha kura zilizokataliwa zikipanda hadi mamia ya maelfu, na nchi nzima ikaingia katika mjadala kama kura hizo zihesabiwe katika kutafuta nusu na zaidi. Ilibainika kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Mjadala wa siku mbili uliendeshwa na kosa la kompyuta, na runinga zilikuwa zikilisambaza tu.

Halafu 2017. Safari hii runinga zilichukua mkondo wa namba wa IEBC na kuuweka hewani kama ulivyo. Uhuru Kenyatta alibaki kwenye asilimia 54 hivi na Odinga kwenye 44 hivi, pengo likiwa karibu halisogei tangu usiku wa kwanza, huku fomu za maelfu ya vituo hazijaonekana. Septemba 1, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo. Wahariri wakajikuta wametangaza kwa siku tatu namba ambazo hawakuwa na karatasi ya kuzithibitisha.

Hata hivyo, mwaka huohuo ndio uliotoa mlango. Mnamo Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na tume haiwezi kuyageuza ikiwa Nairobi. Uzito ukahama kutoka kwa mwenyekiti aliye jukwaani kwenda kwenye karatasi ya kituoni. Ilipofika 2022, IEBC ilifungua tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kupakua picha ya fomu ya kituo chochote. Kwa mara ya kwanza mhariri, wakala wa mgombea, na mwanafunzi mwenye simu pale Kakamega walikuwa na stakabadhi ileile aliyokuwa nayo tume.

Karatasi yenyewe

Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229, kila kimoja kikiwa na wapigakura wasiozidi 700 kwa mujibu wa sheria. Upigaji kura ukishafungwa na kura kuhesabiwa mbele ya mawakala, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A: jina na msimbo wa kituo, wadi, eneobunge na kaunti, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea (2022 walikuwa wanne), kura zilizokataliwa, na jumla ya kura halali. Mawakala hutia sahihi. Nakala moja hubandikwa mlangoni. Msimamizi hupiga picha fomu kwa kishikwambi cha KIEMS, mfumo wa kielektroniki wa tume, na kuituma kwenye tovuti, halafu karatasi yenyewe huenda kwenye kituo cha kujumlisha cha eneobunge. Hapo Fomu 34B hujazwa, moja kwa kila eneobunge kati ya 290, na moja zaidi ya Wakenya walio ng'ambo. Mwisho wa safari ni Bomas, kwenye Fomu 34C.

Picha zilipanda haraka kuliko wengi walivyotarajia. Agosti 10, siku moja tu baada ya kura, zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa tayari zinaonekana. Kwa hiyo kilichochelewesha hesabu za runinga hakikuwa tume. Kilikuwa vidole vya makarani.

Tupige hesabu ya kazi hiyo, kwa sababu hapa ndipo vyumba vingi vya habari vilijidanganya. Tovuti ilitoa picha tu, si jedwali. Kila fomu lazima ifunguliwe, isomwe, namba ziandikwe kwa mkono. Chukulia karani mwepesi anamaliza fomu moja kwa dakika mbili. Fomu 46,229 ni dakika 92,458, yaani takriban saa 1,541 za kazi. Ukiwa na makarani 100, kila mmoja atakaa saa 15 na nusu bila kuinuka. Na hiyo ni kuandika mara moja tu. Kazi ya namna hii huandikwa mara mbili na watu wawili wasioonana, kisha programu hulinganisha na kusimamisha fomu ambazo namba hazikubaliani. Sasa ni saa 31 kwa kila karani, yaani siku mbili za zamu bila ajali. Chombo kilichoajiri vijana 20 na kuwaambia waandike mara moja kilikuwa kimeshindwa kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Na fomu zenyewe si safi. Nyingine ni picha iliyopigwa chini ya taa ya betri, nambari 1 na 7 hazitofautiani. Nyingine msimamizi amejaza kura za mgombea katika mstari wa jirani. Kuna zilizojumlishwa vibaya: kura za wagombea zinatoa 412, jumla imeandikwa 421. Kuna kituo kilichotumiwa picha ya kituo cha pili. Programu inayojua kwamba hakuna kituo chenye zaidi ya watu 700, kwamba wagombea wanne lazima walingane na jumla ya halali, na kwamba msimbo hauwezi kuingia mara mbili, hukamata makosa mengi ya aina hii papo hapo. Bila vizuizi hivyo, karani aliyechoka saa tisa usiku anaweza kumpa mgombea kura 2,310 badala ya 231, na kosa hilo moja linafuta kazi ya vituo kadhaa.

Huenda msomaji akaona huku ni kujishughulisha na vitu vidogo. Aangalie basi matokeo ya mwisho. Ruto alipata kura 7,176,141, Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211, yaani kura tano kwa kila kituo. Na kwa kuwa Katiba, ibara ya 138, inadai zaidi ya nusu ya kura halali (pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47), kilichoamua kama kutakuwa na duru ya pili ni ziada ndogo zaidi: Ruto aliipita nusu kwa kura zisizofika 70,000. Gawanya kwa vituo vyote utapata kura moja na nusu kila kituo. Kosa la kalamu linatosha.

Mpangilio unavyotengeneza mshindi

Sasa tuje kwenye kiini. Kenya haipigi kura kwa usawa. Homa Bay ilimpa Odinga karibu asilimia 99. Kiambu pekee ilimpa Ruto zaidi ya kura 600,000. Katika nchi ya namna hiyo, hesabu isiyokamilika haikuambii nani anaongoza. Inakuambia umeanzia wapi.

Jaribu hivi. Kaunti za Kenya zina misimbo rasmi kutoka 001 hadi 047. Tuseme mhariri asiye na nia mbaya anawaambia makarani wafuate orodha tu. Wataanza Mombasa (001), Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, Taita Taveta: pwani yote hiyo ilimpendelea Odinga. Wataingia Garissa, Wajir na Mandera, bado Odinga. Kufikia hapa skrini inasema mchezo umekwisha. Halafu Meru (012) na jirani zake wanaanza kuugeuza upepo. Ukambani kunampa Odinga pumzi, kisha Nyandarua, Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu, misimbo 018 hadi 022, zinamwaga kura za Ruto kama mvua. Bonde la Ufa linafuata, na isipokuwa kaunti chache kama Turkana, ni ngome ya Ruto. Ukifika Bomet, msimbo 036, kwa matokeo ya mwisho ya kaunti, skrini ya mhariri wetu ingeonyesha Ruto yuko mbele kwa zaidi ya kura milioni mbili. Ndipo zinakuja Kakamega, Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Kisii, na mwisho kabisa Nairobi, 047. Kaunti nne za kando ya ziwa, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, peke yake zingelipunguza pengo hilo kwa zaidi ya milioni 1.3.

Matokeo ni yaleyale, fomu ni zilezile, ila mtazamaji ametazama hadithi mbili. Katika ya kwanza Odinga anashinda mapema. Katika ya pili Ruto ana milioni mbili za ziada ambazo "zinayeyuka" usiku wa manane, kaunti za Nyanza zikiingia. Yeyote aliyeishi Kenya baada ya 2007 anajua maneno yanayofuata kura zikianza kuyeyuka usiku.

Hatudai kwamba kituo fulani cha runinga kilifuata misimbo. Kila kimoja kilikuwa na mpangilio wake: kimoja kilichukua fomu kadiri zilivyopanda, kingine kiligawia makarani kaunti, na hakuna aliyeandika kwenye skrini yake "tunahesabu hivi". Chini ya picha za wagombea kulikuwa na kura, asilimia, na kwa herufi ndogo sehemu ya vituo vilivyohesabiwa. Lakini sehemu ya vituo haisaidii. Asilimia 40 ya vituo vilivyochaguliwa kwa mizani ni habari. Asilimia 40 iliyokusanyika ovyo ni kelele yenye desimali mbili.

Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume wakati huo, alijaribu kutuliza mambo kwa kueleza kwamba tofauti za runinga zilitokana na fomu gani kila chombo kilianza nazo. Alikuwa sahihi kabisa, na maelezo hayo yalikuwa ya kutolewa na wahariri wenyewe, saa moja kabla ya namba ya kwanza kwenda hewani. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya nalo likasema linazungumza na wahariri ili kupata namna moja ya kutangaza. Mazungumzo ya aina hiyo hufanywa Machi, si usiku wa kuhesabu.

Kwa nini namba hizo ziliwashika watu

Wapigakura hawakuingia kwenye hesabu wakiwa watupu. Kwa miezi kura za maoni za kampuni kama TIFA, Infotrak na Ipsos zilikuwa zikichapishwa kwenye kurasa za mbele, na za mwisho kabla ya uchaguzi zilimweka Odinga mbele. Sheria inakataza kuzichapisha siku tano kabla ya uchaguzi, kwa hiyo picha ya mwisho iliyobaki vichwani ilikuwa hiyo. Azimio, muungano wa Odinga, waliingia Agosti 9 wakitarajia ushindi. Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, waliingia wakiamini kwamba vyombo vikubwa vinawapendelea wapinzani wao, jambo ambalo Ruto alikuwa akilisema mikutanoni, na kwa kuwa baadhi ya wamiliki wa vyombo hawakuficha upande wao, tuhuma hiyo haikuonekana kichaa.

Weka sasa skrini mbili zinazopingana juu ya matarajio hayo. Mfuasi wa Odinga akiona Ruto anaongoza, anasema kura zinaibwa. Mfuasi wa Ruto akiona Odinga anaongoza, anasema ni wamiliki wa runinga. Kila mmoja anahamia kituo kinachompendeza, anapiga picha skrini, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nguvu ya vyombo vya habari kwa maoni ya umma mara nyingi hujadiliwa kama suala la tahariri na mijadala ya asubuhi. Usiku ule hakuna tahariri iliyosomwa na yeyote. Mstari wa namba chini ya skrini ulitosha kuunda imani ambayo hata uamuzi wa mahakama haukuiondoa kwa wote. Na walaghai walilijua hilo: picha za kutengeneza zenye nembo za runinga halisi zilizagaa, kwa sababu mtu alikwisha kuzoea kuona namba zinazotofautiana na hakuwa na njia ya kutambua ipi ni ya kweli.

Ukimya

Kunyamaza kulikuwa kosa kubwa kuliko tofauti. Makarani walikuwa wamechoka, namba zilikuwa zinakaribiana, na kila mhariri aliweza kuona kwamba wa kwanza kufika mwisho ndiye atakayekuwa amemtaja rais kabla ya tume. Kisheria, mwenye mamlaka ya kutangaza ni mwenyekiti wa tume peke yake, naye ana siku saba. Kujumlisha hakujakatazwa, kutangaza mshindi ndiko kwenye hatari. Vyombo vingi vilichanganya mambo hayo mawili na kuona usalama uko katika kuacha yote.

Lakini pengo halikai tupu. Wahariri waliponyamaza, walioendelea kuhesabu hadharani ni vyumba vya kampeni na watu binafsi mitandaoni, baadhi yao makini na wengine wapotoshaji. Shirika la Reuters, lenye makao makuu yaliyo mbali na Nairobi, liliendelea na hesabu yake. Wakenya wakasoma uchaguzi wao kwa shirika la kigeni wakati Nation, Citizen na Standard zilikuwa na fomu zote.

Wala Bomas haikuwa na dawa. Tume ilikuwa ikihakiki fomu kwa mpangilio wa maeneobunge yaliyowasili na kuonyesha jumla kwenye skrini ya ukumbi. Jumamosi, Agosti 13, ikiwa na zaidi kidogo ya robo ya fomu, Odinga alikuwa na karibu asilimia 54. Kesho yake, kura zilizohakikiwa zilipozidi, Ruto alikuwa mbele. Ni ugonjwa uleule wa mpangilio, sasa ukiwa na muhuri wa serikali, na ukumbini kukawa na vurugu za mawakala. Chombo chochote kilichokuwa na jedwali kamili kingeweza kueleza siku ileile ya Jumamosi ni maeneobunge yapi yalikuwa yamekwisha kuhakikiwa na yapi yanasubiri. Maelezo ya dakika mbili, yenye ramani. Hayakuja.

Tarehe 15 Chebukati alimtangaza Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Makamishna wanne, wakiongozwa na Juliana Cherera, walikuwa wamehamia hoteli ya Serena kuyakana matokeo. Kesho yake walieleza sababu, na moja yazo inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ilikwenda hewani moja kwa moja. Walisema asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinatoa 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni takriban kura 142,000.

Jumlisha: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Kweli ni 100.01, na sababu ni kwamba kila asilimia imekadiriwa hadi desimali mbili, jambo la kawaida la hesabu. Lakini asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura kama 1,420, si 142,000. Walikosea mara mia moja. Mwanafunzi wa darasa la nane angelibaini, na Wakenya mitandaoni walilibaini ndani ya dakika chache. Lakini dai la kura 142,000 lilikuwa limekwisha kwenda hewani. Kurusha matangazo ya moja kwa moja hakumwondolei mhariri wajibu. Mtu mmoja mwenye kikokotoo, ameketi karibu na mwandaaji wa matangazo, mwenye ruhusa ya kuweka maandishi ya kusahihisha kwenye skrini, ndiye aliyekosekana.

Septemba 5, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Martha Koome iliidhinisha ushindi huo kwa kauli moja. Madai kwamba fomu kwenye tovuti zilibadilishwa na wadukuzi hayakuthibitika, na ukaguzi ulioagizwa na mahakama ulikuta fomu za tovuti zinakubaliana na karatasi. Maana yake kwa wanahabari ni nzito: hesabu waliyoiacha njiani ilikuwa imejengwa juu ya stakabadhi halali.

Kazi inavyotakiwa kufanywa

Njia ya kwanza ni sampuli, na tayari kulikuwa na mfano. Kundi la waangalizi la ELOG lilichagua vituo 1,000 kwa bahati nasibu, likakusanya matokeo yake, na baada ya tangazo la Chebukati likasema namba rasmi zinaoana na zake. Sampuli ya namna hiyo inachukua kila eneo kwa uzito wake, hivyo haiyumbi kwa mpangilio. Udhaifu wake ni upana wa makosa wa asilimia kama mbili kila upande: kwa pengo la 1.64 haiwezi kumtaja mshindi. Inaweza lakini kusema, usiku wa kwanza, "wawili hawa wamekaribiana kiasi kwamba hakuna anayeweza kujua leo". Sentensi hiyo peke yake ingewapunguzia Wakenya siku tano za wasiwasi.

Njia ya pili, inayofaa vyombo vyenye watu, ni kuhesabu fomu zote lakini kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza makarani huchukua idadi sawia ya vituo katika kila eneobunge kati ya 290, tuseme kituo kimoja katika kila kumi, vikiwa vimechaguliwa na programu kabla ya uchaguzi. Hakuna kinachoonyeshwa hadi mzunguko ukamilike. Mzunguko wa pili sehemu nyingine ya kumi, na kuendelea. Hapo namba ya skrini inasogea kidogo kidogo badala ya kuruka kutoka kambi hadi kambi. Eneobunge ambalo fomu zake zimechelewa hutajwa kwa jina.

Skrini ibebe vitu vinne: kura, asilimia, idadi ya maeneobunge yaliyofikia mzunguko huo, na kura zinazokadiriwa kubaki. Hicho cha nne ndicho kinachoua uvumi. Mtazamaji akisoma kwamba Kisumu bado ina vituo 300 visivyoingia, hatashangaa vikiingia.

Kuhusu gharama, vyombo vikubwa havina sababu ya kila kimoja kuajiri makarani wake. Waandike pamoja, kwa jedwali moja, kila chombo kikiwa na haki ya kukagua fomu yoyote, kisha kila mmoja achambue anavyotaka. Ushindani ubaki kwenye uchambuzi. Anayeogopa kwamba chombo kimoja kitapotosha jedwali la pamoja akumbuke kwamba picha ya fomu iko wazi: kila mstari uwe na kiungo cha fomu yake, na mtu yeyote aweze kubonyeza na kulinganisha. Fomu zisizosomeka ziwekwe kwenye orodha yao, ionekane hadharani, zisijazwe kwa kubahatisha.

Na uamuzi wa lini kusimama uandikwe mapema, usainiwe na mhariri mkuu na mwanasheria. Ukisema utahesabu hadi fomu ya mwisho bila kutamka neno "mshindi", basi unahesabu hadi fomu ya mwisho. Ukilazimika kusimama, unasema saa ngapi, kwa sababu gani, na fomu ngapi zimebaki.

Uchaguzi unaofuata ni Agosti 10, 2027. Matokeo ya 2022 yanajulikana kaunti kwa kaunti, kwa hiyo mfumo wowote mpya unaweza kujaribiwa nayo leo: lisha programu kaunti hizo kwa mpangilio wa misimbo, 001 hadi 047, bila kuiambia chochote, uone inaonyesha nini ikifika Bomet. Ikitoa onyo kwamba kaunti 11 hazijaingia na zina kura za kugeuza matokeo, imefaulu. Ikimwekea Ruto milioni mbili za ziada na kunyamaza, irudishwe kwa mtayarishaji.